Blichi ya Nyumbani, Blichi ya Saluni na Nywele za Bi Harusi



Ramadhani ikiisha na Idi ikipita, mlango wa harusi hufunguka katika miji yetu ya Pwani. Katika miaka ya karibuni, pamoja na singo, hina na udi, limezuka jambo jingine ambalo bibi zetu hawakuwa na haja nalo: bi harusi hutaka nywele zake ziwe na rangi ya dhahabu usiku anapotolewa mbele ya wanawake wenzake. Nywele nyeusi haziwi za dhahabu kwa kupakwa rangi juu yake. Ni lazima kwanza ziondolewe weusi wake wa asili, na kazi hiyo ndiyo inayoitwa blichi. Hapo ndipo huzuka swali ambalo nimelisikia likibishaniwa katika nyumba nyingi: blichi hiyo ifanywe nyumbani au saluni?

Mwaka huu swali hilo liliingia katika ukoo wetu, na kwa muda wa wiki mbili likawafanya watu wanaopendana wanuniane. Nimeona niyaandike niliyoyashuhudia, kwa kuwa najua kwamba nyumba yetu si ya pekee, na kwa kuwa naamini swali lenyewe, kwa namna tunavyoliuliza, lina kasoro.

Aliyekuwa akiolewa ni binti wa dada yangu mkubwa. Ilikuwa ni mwezi wa Shaaban, na nikahi ilipangwa Shawwal. Nywele za binti huyu ni ndefu, zimepita mabega kwa kiasi kikubwa, na mama yake amezitunza tangu utotoni kwa mafuta ya nazi. Mawifi zake watarajiwa walikuwa wameshasema kwamba bi harusi wao atatoka na nywele za dhahabu, na yeye mwenyewe alilipenda wazo hilo.

Dada yangu alitaka kazi hiyo ifanywe nyumbani, na hoja zake hazikuwa za kupuuzwa. Ya kwanza ilikuwa sitara. Nyumbani hakuna mgeni anayeingia ghafla, hakuna dirisha linaloelekea barabarani, hakuna simu inayopiga picha. Ya pili ilikuwa gharama, kwani boksi moja la blichi dukani ni sehemu ndogo tu ya bei inayotajwa saluni, na harusi ina matumizi mengi yanayosubiri. Ya tatu ilikuwa mapenzi: mkono wa mama au wa dada, alisema, hauwezi kuwa mzito juu ya kichwa cha mwanawe.

Shangazi wa binti, wifi yake dada yangu, alishikilia saluni. Naye alikuwa na hoja. Blichi ni dawa kali, na dawa kali humtaka mwenye ujuzi. Mwanamke hawezi kuuona utosi wake wala kisogo chake. Tena mambo yakiharibika nyumbani wiki chache kabla ya harusi, nani atayatengeneza?

Mimi niliitwa kwa sababu mbili: ni mama mdogo wa bi harusi, na ni mwalimu wa kemia wa shule ya sekondari. Binti aliniambia, “Mamdogo, wao kila mmoja anivuta upande wake. Wewe nambie kweli tu.” Nami nilimwambia kwamba kabla ya kuzungumza juu ya mahali, tuzungumze juu ya nywele zenyewe.

Unywele una magamba madogo nje, yamepangana kama makuti ya paa, na ndani yake mna chembe za melanini, ambazo ndizo zinazoupa weusi. Unga wa blichi huwa na chumvi ziitwazo persalfeti, nao huchanganywa na maji ya haidrojeni peroksidi. Mchanganyiko huo huyainua yale magamba, huingia ndani na kuivunja melanini hadi ipoteze rangi. Lakini hauchagui. Huku ukivunja rangi, huvunja pia baadhi ya viungo vya keratini, yaani ile protini inayoupa unywele nguvu. Kwa hivyo hakuna blichi isiyodhuru hata kidogo. Kuna iliyodhuru kwa kiasi kinachostahimilika na iliyopita kiasi. Na kwa kuwa unywele uliokwisha kutoka katika ngozi hauna uhai, haujitibu. Palipovunjika hapaungiki, husubiriwa kukatwa.

Weusi nao hauondoki kwa mkupuo. Nywele nyeusi hupita kwanza katika hudhurungi yenye wekundu, kisha wekundu, kisha rangi ya chungwa, kisha manjano, ndipo zikafikia manjano hafifu kama ndani ya ganda la ndizi. Safari hiyo kwa nywele zetu ni ndefu. Wengi wanaofanya nyumbani hukwama katika rangi ya chungwa, wakaingiwa na hofu, wakapaka tena siku ile ile. Pale ndipo nywele nyingi hukatikia.

Nguvu ya peroksidi huandikwa kwenye chupa kwa namba. Iliyoandikwa 10 ina asilimia 3 ya peroksidi, 20 ina asilimia 6, 30 ina asilimia 9, na 40 ina asilimia 12. Wengi hudhani kwamba namba kubwa ndiyo bora kwa nywele nyeusi. Kwa hakika namba kubwa ni ya haraka zaidi, na katika jambo hili haraka ndiyo inayochoma ngozi na kukata nywele.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo lililobadilisha mjadala wetu. Nywele za kichwani hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi. Mwenye nywele za sentimita 40 amebeba kichwani miaka isiyopungua 3. Ncha zake ziliota zamani, na zimepitia kila kilichopakwa tangu wakati huo: kila Idi, kila harusi ya jirani, kila dawa ya kunyoosha, kila pasi ya moto. Shina la unywele huenda likawa jipya na safi huku ncha yake ikiwa imechoka kabisa. Anayepaka blichi sawasawa kutoka shina hadi ncha, awe nyumbani au saluni, anaifanya kazi moja juu ya nywele za umri na historia tofauti.

Basi nikamwuliza binti: “Nywele hizi zimepakwa nini katika miaka 3?” Akafikiri, akataja mafuta, akataja pasi ya moto, kisha akasema, kama kwamba ni jambo dogo, “Na hina nyeusi, Idi mbili za mwaka jana.”

Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa maana hina ni jambo letu sisi wanawake wa Pwani, na jina hili moja tumelitumia kwa vitu vitatu. Hina ya kweli ni majani ya mhina yaliyokaushwa na kusagwa. Rangi yake ni nyekundu ya kutu, nayo hushikamana na keratini ya unywele hata blichi haiwezi kuiondoa yote. Aghlabu huacha rangi ya chungwa isiyotaka kusogea. Cha pili ni piko, ambayo mara nyingi ni rangi ya nywele inayochorwa mikononi na miguuni, na ndani yake huwamo kemikali iitwayo parafenilinidiamini. Hiyo ndiyo inayowatoa baadhi ya wanawake malengelenge. Cha tatu ni zile pakiti zinazouzwa kwa jina la hina nyeusi. Hina haina rangi nyeusi kwa asili yake. Inayotoa weusi kwa dakika chache imechanganywa na kitu kingine, ikawa ni ile ile kemikali ya piko au chumvi za madini. Chumvi za madini zikikutana na peroksidi, mchanganyiko huweza kupata joto kali na nywele zikaungua zikiwa kichwani.

Pakiti ile haikuwa imeandikwa kwa ukamilifu kilichomo ndani. Hatukuwa na njia ya kujua isipokuwa kujaribu, na jaribio hilo halimgharimu mtu chochote. Nilimwomba binti akusanye kwa siku kadhaa nywele zinazotoka kwenye chanuo lake. Tulizifunga kwa uzi zikawa kishungi chembamba, mashina upande mmoja na ncha upande wa pili. Dada yangu alikuwa ameshanunua boksi la blichi. Tulitumia kiasi cha kijiko kimoja, katika bakuli la kioo, dirisha la jikoni likiwa wazi na glavu mikononi.

Upande wa mashina ulifanya kama ulivyotarajiwa. Polepole weusi ulipungua, na baada ya nusu saa ukawa rangi ya chungwa. Upande wa ncha ulikuwa na habari nyingine. Mchanganyiko ulianza kutoa povu, bakuli likapata joto ambalo dada yangu alilihisi kwa kiganja chake, na nywele zikageuka rangi isiyo na jina, baina ya kijani na kahawia. Tulipozisuuza na kuzivuta kidogo, zilinyumbuka kama ubani uliotafunwa, kisha zikakatika. Tangu Idi ya mwisho aliyopaka hina ile hadi siku hiyo ilikuwa imepita miezi 8. Maana yake ni kwamba nywele zilizokuwa salama ni sentimita 8 au 9 tu kutoka kichwani. Kilichobaki, yaani sehemu kubwa ya urefu wote alioutunza mama yake, kingekatika.

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Shangazi yake alikuwapo, naye hakukata tamaa. “Hiyo ni blichi ya boksi,” alisema. “Saluni wana zao zilizo bora.” Hoja hii ilistahili kupimwa, kwa hivyo siku ya pili tulikwenda sote kwenye saluni moja inayosifiwa sana mjini Mombasa.

Msichana aliyetupokea alizishika nywele, akazipitisha vidole, akasema, “Hizi zitakubali.” Hakuuliza zilipakwa nini. Hakuuliza kama binti ana pumu au kama ngozi yake huwashwa. Alitaja bei, akataja rubuni, akasema angetumia peroksidi ya 40 ili kazi yote iishe kwa kikao kimoja. Ukutani palikuwa na simu imewekwa juu ya kigingi, ikirekodi wateja kwa ajili ya matangazo, na kijana mwanamume aliyeleta katoni za bidhaa alipita nyuma ya pazia mara mbili tukiwa tumekaa. Nilimwuliza kama hufanya jaribio la kishungi kwanza. Alicheka kwa adabu, akasema siku zile za kuelekea Idi wateja ni wengi, hakuna nafasi hiyo. Tukatoka. Shangazi, ambaye ndiye aliyetuleta, ndiye aliyetangulia mlangoni.

Simtaji mwenye saluni ile, na wala sisemi saluni zote ni hivyo. Kwa sababu siku chache baadaye jirani yetu alituelekeza kwa mwanamke mmoja, mtu mzima, ambaye hufanya kazi ya nywele katika chumba cha uani kwa nyumba yake, Mji wa Kale. Mlango wake hufungwa kwa komeo. Simu za wateja huwekwa ndani ya kikapu karibu na mlango. Alimkalisha binti, na kabla ya kugusa chochote alimwuliza maswali kwa muda usiopungua robo saa: umepaka nini, lini, mara ngapi, umewahi kutoka malengelenge kwa piko, una pumu, unalala na nywele zimefungwa au wazi, harusi ni lini. Aliposikia hina nyeusi alinyamaza. Tulipomweleza habari za lile bakuli la kioo, alirudisha kitana mezani.

“Mwanangu,” alimwambia binti, “fedha yako siitaki. Mashina naweza kuyang'arisha, ncha siwezi, wala hakuna awezaye. Ukitaka dhahabu, ngoja hizi zikue na hizo zikatwe. Ukitaka nywele zako usiku wa harusi, ziache.”

Binti hakuzungumza na mtu kwa siku mbili. Alikuwa ameshaahidi, mawifi walikuwa wameshaambiwa, na katika umri wa miaka 22 jambo kama hilo si dogo. Sikumlazimisha, wala mama yake hakumlazimisha. Siku ya tatu alimpigia simu mwenyewe yule wifi mkubwa, akamwambia kwamba atatoka na nywele zake nyeusi. Nilikuwa karibu nilipomsikia akijibu swali ambalo sikulisikia: “La, dada, hata mwaka ujao nazitaka.”

Usiku wa kupamba alitoka na nywele zake zimefunguliwa, zimetiwa mafuta, zimezungushiwa vikuba vya asumini. Wapo walionong'ona kwamba hakwenda na wakati. Wapo waliomwuliza anatumia mafuta gani. Harusi ikapita, kwa uwezo wake Mwenyezi Mungu, kama zinavyopita harusi.

Nisije nikaeleweka vibaya. Sisimami hapa kuwakataza mabinti blichi. Jirani yetu mmoja aling'arisha vishungi vichache mbele ya uso wake, nyumbani, akisaidiwa na dada yake. Nywele zake hazikuwahi kupakwa chochote, peroksidi ilikuwa ya 20, na alikubali rangi ya asali badala ya kulazimisha dhahabu. Zilitoka nzuri na zimedumu. Mwalimu mwenzangu alikwenda saluni ya bei kubwa, hakuulizwa kama alikuwa ametia dawa ya kunyoosha nywele wiki 3 kabla, na nywele za kisogo zake zikabaki kwenye taulo. Kwa hivyo nyumba si salama kwa kuwa ni nyumba, na saluni si salama kwa kuwa ina viti na vioo. Salama ipo kwa anayezijua nywele zile na aliye tayari kusema “hapana”. Mara nyingine mtu huyo yumo saluni, mara nyingine yumo nyumbani, na kwetu sisi alipatikana katika chumba cha uani ambacho ni vyote viwili.

Kwa upande wa dini, nimeulizwa maswali mawili. La kwanza ni la udhu na josho. Blichi haiachi utando juu ya unywele. Hutoa kilichomo ndani. Maji hufika. Wenye kuhofia kizuizi na waangalie zaidi vile vinavyopakwa baadaye vikaganda juu ya nywele. La pili ni la kubadilisha rangi yenyewe. Wanazuoni wameruhusu kutia nywele rangi kwa jumla, wakatofautiana katika weusi mtupu na katika mambo ya kujifananisha na wasiokuwa sisi. Hilo ni la kumwuliza sheikh au ustadha wako, si mwalimu wa kemia. Lakini katika jambo moja hawatofautiani: mwili ni amana, na kujidhuru hakufai. Jaribio la kishungi, kwa hiyo, mimi naliona ni sehemu ya kuitunza amana hiyo.

Kwa anayeamua kufanya nyumbani, haya ndiyo ningemwambia mwanangu. Fanya jaribio la ngozi saa 48 kabla, kwa kiasi kidogo nyuma ya sikio au kwenye kiwiko, na fanya jaribio la kishungi hata kama una hakika. Usifanye ukiwa peke yako. Kisogo kinahitaji macho ya mwingine. Tumia bakuli la kioo au plastiki, si la chuma. Fungua madirisha, kwani vumbi la persalfeti huchokoza pumu, na ni maradhi yanayojulikana miongoni mwa wasusi wenyewe. Anza na urefu, umalizie na mashina, kwa kuwa joto la kichwa hulifanya shina ling'ae upesi kuliko sehemu nyingine. Usiongeze joto la mashine. Saa uliyoelekezwa ikitimia, suuza, hata kama rangi haijakuridhisha. Usipake tena siku ile. Mchanganyiko uliobaki umwage. Usiufungie ndani ya chupa, kwani hutoa gesi na chupa yaweza kupasuka. Na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe isikaribie kichwa cha mtu kabisa. Jina hufanana, lakini hicho ni kitu kingine, nacho huchoma ngozi na macho.

Kwa anayekwenda saluni, ushauri wangu ni mfupi zaidi, kwa kuwa kazi yako huko ni kuuliza na kusikiliza. Usiende wiki ya Idi wala siku chache kabla ya harusi. Sikiliza kama utaulizwa historia ya nywele zako. Usipoulizwa, hiyo yatosha kuwa sababu ya kuondoka. Uliza namba ya peroksidi. Uliza kama kazi itagawanywa katika vikao. Mwambie msusi ukweli wote, hata ile hina ya mwaka jana unayoiona haina maana. Ikiwa umewahi kutoka malengelenge kwa piko, sema kwa sauti, kwa kuwa rangi inayopakwa baada ya blichi ili kulainisha umanjano huweza kuwa na kemikali ya jamii ile ile. Na kuhusu sitara: uliza nani huingia, na simu zinawekwa wapi. Picha ya kichwa cha mwanamke ikishatoka nje ya pazia haiwezi kurudishwa.

Kwa akina mama nina neno moja. Mabinti zetu hawatuulizi tena kama wafanye; wanatuuliza wafanye wapi, na wengine hawatuulizi kabisa. Tukijibu kwa ukali watafanya bafuni usiku, mlango umefungwa, kwa boksi walilolisoma nusu. Tukikaa nao, tukawauliza nywele hizi zimepitia nini, tukaweka kishungi kimoja ndani ya bakuli la kioo na kukitazama pamoja kwa nusu saa, huenda wao wenyewe wakaamua, na uamuzi wao ukawa na nguvu kuliko marufuku yetu. Nusu saa hiyo dada yangu na wifi yake, ambao walikuwa hawasalimiani vizuri, waliikaa bega kwa bega juu ya meza moja. Hilo nalo nililihesabu kuwa faida.

Wabillahi tawfiq.